Nani Kazima Besi?

4 Februari

Shangazi yangu,

Shikamoo. Najua simu ya mtu yeyote wa nyumba yetu huipokei, kwa hiyo nimemkamata dereva wa lori linalokuletea sponji za makochi, nimemwomba akubebee na hii. Ameniapia haitalowa.

Sisi huku wazima. Mama bado anafundisha chekechea, na koo limemkauka kwa kuimbisha watoto, kutwa anakunywa maji ya moto. Kaka amepata kazi ya kupaka rangi magari, sasa hana shati lisilo na doa la buluu. Mimi nimenenepa kidogo, lakini hilo libaki kati yetu. Wewe je? Na goti?

Kilichonifanya niandike ni amplifaya. Nimeingia kwenye bendi, napiga gitaa la besi. Tunapiga kwenye kumbi, harusi na sherehe za maofisi. Kile kiamplifaya changu cha kujifunzia kinatosha chumbani tu. Jukwaani napiga na sijisikii. Naona vidole vyangu vinakwenda kwenye nyuzi, ninachosikia ni drams na kinanda. Ninunue kipi? Dukani kila mtu ana lake. Mmoja kaniambia, "Dada, chukua hiki, kina taa nzuri."

Na lile boksi lako jeusi la spika lililoko stoo, bado unalitumia? Nauliza tu.

Mwanao,
Chiriku

19 Februari

Chiriku,

Marahaba. Barua imefika inanuka gundi ya sponji, lakini inasomeka. Goti langu ni zima nikikaa, bovu nikipanda ngazi. Kazi ipo. Hoteli moja imeniletea makochi yote ya mapokezi niyavue nguo niyavike mpya, sina hata pa kupita humu dukani. Mpe mama yako pole ya koo. Mtu mwingine wa nyumba hiyo sikumuuliza, na wewe umefanya vizuri hukumtaja.

Sasa hayo ya "nauliza tu" wapelekee wenzako. Ukilitaka boksi, sema unalitaka boksi. Jibu ni hapana. Halitoki stoo.

Kuhusu kununua. Huyo wa taa nzuri ningempata ningemkalisha kwenye kochi lenye springi nje. Sikiliza. Usinunue nguvu inayokutosha, nunua inayozidi. Kidude kidogo ukikikamua mpaka mwisho kinakoroma, na besi inayokoroma ni aibu. Kikubwa ukikifungulia nusu kinazungumza kwa utulivu. Nunua kichwa cha amplifaya, kile chenye vitufe, peke yake na boksi la spika peke yake, ili kimoja kikifa usizike vyote. Boksi lenye spika moja pana hupeleka sauti mwisho wa ukumbi, wewe uliye karibu husikii kitu. Lenye spika nne ndogo ndogo litakujibu hapo hapo uliposimama.

Usiliweke sakafuni nyuma ya magoti yako. Magoti hayana masikio. Linyanyue. Usilisukumie kwenye kona, litavuma kama pipa tupu. Na usiikate sauti ya kati, ile isiyo nzito wala kali, kwa sababu peke yako chumbani inapendeza bila hiyo. Bendi ikianza utapotea wewe. Na kamwe usijaribu amplifaya dukani bila mpiga drams wako. Mburute aje.

Lakini kuna kitu sielewi. Ukumbi wa harusi una mixa ya kuchanganyia sauti zenu na spika kubwa za mbele. Fundi mitambo akikuingiza kwenye mixa na akakuwekea spika ya kukurudishia sauti, utajisikia hata bila amplifaya. Mbona wewe hujisikii? Na hiyo bendi ni ipi? Hukuitaja. Wewe tangu mdogo, unachokinyamazia ndicho chenye habari.

Shangazi yako

23 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Nimechelewa kwa makusudi. Niliandika nikachana, nikaandika nikachana.

Mama koo limepona. Kaka kapaka gari la mtu kijani badala ya kijivu, wamemsamehe. Kwisha habari za nyumbani.

Bendi ni ya baba. Ndiyo, bendi yenu ile ile. Wapigaji ni wapya, Kapteni ni yeye yule, na hata kwenye mazoezi hatumwiti jina lingine. Alinichukua mwaka jana mpiga besi wao alipohama. Niliona ukisikia utakasirika, kwa hiyo nikanyamaza. Sasa mwenye hasira ni mimi.

Wiki iliyopita tulipiga kwenye harusi. Baadaye bibi harusi alinitumia video aliyorekodi mjomba wake, kasimama mbele kabisa ya spika kubwa. Nimeitazama mpaka macho yameuma. Kinanda kipo. Gitaa lipo. Hata mtoto anayelia mezani yupo. Besi haipo, Shangazi! Mikono yangu inakwenda, kichwa kinatikisika, natabasamu kama mtu anayefanya kazi, na hakuna kitu kinachotoka.

Nikamfuata fundi mitambo ukumbini kwake, akiwa anakunja waya. Nikamwuliza kwa nini simo. Akaendelea kukunja. Nikamwuliza tena.

"Dada, mimi naambiwa nifanye nini, nafanya."

"Umeambiwa na nani?"

"Kapteni kasema besi ibaki chini mpaka utakapoiva."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipoanza."

Sijamwambia baba kwamba najua. Tunakula meza moja. Ananisogezea chumvi.

Chiriku

29 Machi

Chiriku,

Dereva yuko nje, injini inanguruma, nimemwambia akiondoka kabla sijamaliza asije akanunua kochi kwangu maisha yake yote.

Mpaka utakapoiva! Mimi aliniambia nini? Hujawahi kuambiwa, maana nyumba hiyo ina ufundi mkubwa wa kutosema. Nakuambia mimi.

Ulikuwa hujazaliwa. Ulifunguliwa ukumbi mpya, redio ikarusha muziki moja kwa moja, alasiri ya Jumapili. Bibi yako alijaza majirani sebuleni, kila aliyeingia anaambiwa, "Leo mtamsikia binti yangu." Nilipiga besi siku hiyo kuliko siku zote. Kidole kilipasuka, nikapiga na kile kilichopasuka. Niliporudi nyumbani, bibi yako akanishika paji la uso.

"Mwanangu, ulikuwa unaumwa? Mbona hukupiga?"

Nilimfuata kaka yangu, huyo baba yako, uani, anaosha viatu vyake vyeupe vya jukwaani. Nikamwuliza. Hata hakusimama. "Watu wanataka kukuona, hawana haja ya kukusikia. Ungekosea hewani tungeaibika wote." Alinipa maneno hayo kama anavyompa mtu glasi ya maji.

Nilitoka na gitaa langu na boksi langu, na tangu siku hiyo nashona makochi. Bibi yako alikufa akiamini nilikuwa naumwa.

Kanunue kichwa cha amplifaya kilicho kizuri kuliko vyote unavyoweza. Boksi usinunue. Lori likirudi litakuwa nalo. Nimebadilisha kauli, usinishukuru, na usinipigie simu.

Shangazi

6 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Mama anakusalimu, ingawa hajui kama naandika.

Boksi limefika. Sikuwepo nyumbani. Dereva na mwenzake walilishusha, wakaliacha kwenye korido, wakaondoka. Baba akatoka kuoga, taulo kiunoni, akajigonga nalo kidole cha mguu. Mama anasema alisimama pale akilitazama mpaka maji yakamkauka mwilini. Niliporudi akanidaka mlangoni.

"Nani kaleta hili jeneza nyumbani kwangu?"

"Ni la kwangu. La kupigia."

"Najua ni la nani! Yule mwanamke anataka nini? Anataka kurudi? Mwambie aje mwenyewe, asitume mbao!"

Mama akaingia katikati, akasema jirani wanasikia. Baba akasema wasikie. Hapo nikamwambia na mimi nataka wasikie, nimechoka kupiga bila watu kusikia, na kwamba fundi mitambo kaniambia kila kitu. Akanitazama. Unajua alisema nini? "Kula chakula chako, kinapoa."

Tangu siku hiyo anakula chumbani. Mama anabeba sinia kwenda na kurudi kama mhudumu wa hoteli, na koo limeanza tena.

Sasa na wewe nikuambie ukweli. Nimekukasirikia. Ulijua atalitambua. Ungeweza kunionya, nikalipokelea kwa Nyundo, mpiga drams wetu, ana banda kubwa. Hukusema. Nilikuomba ushauri wa amplifaya, ukaniletea vita yako, ukaishusha kwenye korido ya mama yangu. Yeye alikukosea nini? Baba ananinyamazisha, wewe unanifanya tarumbeta yako. Mimi ninapiga lini kilicho changu?

Kichwa cha amplifaya nimenunua. Nilimburuta Nyundo dukani kama ulivyosema. Ni kizuri. Hilo asante.

Chiriku

30 Juni

Chiriku,

Umengoja jibu, umelikosa, ukadhani nimenuna. Nilinuna. Nilishona mkono wa kochi la hoteli kinyume, ua likaelekeza kichwa chini, nikafumua upya.

Ndiyo, nilijua atalitambua. Miaka yote tulilibeba wawili, yeye mshikio huu, mimi ule. Nilitaka alione. Unataka niseme vingine? Sisemi vingine.

Mama yako mwambie mimi na yeye hatuna neno. Sinia asibebe. Mtu mzima mwenye miguu akiona njaa atakuja mezani.

Kama hulitaki boksi, lirudishe, lori ni lile lile. Lakini usiseme nimekuletea ugomvi. Ugomvi mlikuwa nao sebuleni, mmeufunika kitambaa, mnaupangusa vumbi kila asubuhi.

Swali lako la mwisho sikuwa na jibu lake, ndiyo maana nimechelewa. Bado sina. Utapiga kilicho chako siku utakayotaka. Mimi nilipotaka, niliondoka, na nikaondoka hata kwenye kupiga. Hapo usinifuate.

Shangazi

14 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Sijarudisha boksi. Nisomee polepole.

Jumamosi mchana tulikuwa na sherehe ya kumuaga mhasibu mkuu wa kampuni moja, mama mnene mcheshi anayestaafu. Nilikwenda mapema na Nyundo. Tuliweka boksi juu ya meza fupi nyuma yangu, mbali na kona. Fundi mitambo alipokuja na waya wake wa mixa nikamwambia, "Leo nifungie kabisa huko kwako ukitaka. Sauti yangu inatoka hapa." Akacheka, akaondoka haraka kama mtu asiyetaka kuwa shahidi.

Wimbo wa kwanza nikajisikia. Nilijisikia, Shangazi! Nikapiga noti ya chini, ikanirudia mgongoni, ikapita sakafuni, nikaona bilauri za meza ya mbele zinatikisika. Nyundo akanigeukia meno yote nje. Watu walisimama kabla ubeti haujaisha. Mhasibu mwenyewe alivua viatu akavishika mkononi.

Wimbo wa tatu, Kapteni akarudi nyuma. Anaimba, anatabasamu, maiki mkono huu, na mkono mwingine akashusha kitufe changu cha sauti mpaka chini. Hakukosa hata neno la wimbo. Nikakipandisha. Akarudi tena, safari hii akachomoa waya.

Nikamwambia, "Baba, rudisha."

Akatoa maiki mdomoni. "Hapa jukwaani mimi si baba yako."

"Basi Kapteni, rudisha."

Akageuka akaendelea kuimba.

Niliweka gitaa kwenye mfuko wake. Nikafunga zipu taratibu. Nikachukua kichwa cha amplifaya, nikakipeleka mlangoni, nikarudi kushika boksi. Nililivuta, likakwaruza jukwaa zima. Hapo drams zikanyamaza. Nyundo aliweka vijiti juu ya kiti chake, akaja akashika mshikio wa pili. Tukashuka nalo katikati ya watu waliokuwa wanacheza, wakatupisha.

Mhasibu akatukimbilia peku. "Jamani mnakwenda wapi? Ndiyo kwanza nimevua viatu!"

Nikamwambia samahani, hongera kwa kustaafu. Nililia nilipofika nje.

Nimehamia kwa mama mdogo. Mama hakunizuia wala hakunisukuma, alinifungia mashuka na sufuria ndogo. Baba hakutoka chumbani.

Hili nimelifanya kwa ajili yangu. Nataka ulijue hivyo.

Chiriku

10 Agosti

Chiriku wangu,

Marahaba ya zamani na mpya. Nimelijua hivyo. Msalimie mama mdogo, na huyo Nyundo mwambie kiti chake cha drams kikichakaa akilete, namvalishia bure.

Sasa kaa chini. Kaka yangu alikuja dukani.

Nilikuwa nimepiga magoti nyuma ya kochi, misumari midogo mdomoni, kwa hiyo tusi langu la kwanza hakulisikia. Nikaona viatu. Bado anavaa vyeupe. Nikasimama kwa goti hili bovu, naye akanitazama ninavyohangaika, hakunipa mkono. Amezeeka. Kola imemzidi shingo. Usiniambie nimwonee huruma, nilikwisha kuona mwenyewe na sikumwonea.

"Umenipokonya mtoto," akasema.

Nikatema misumari. "Mtoto ana miguu. Ulimchomolea waya mbele ya watu, akatembea."

"Umempandikiza hasira zako."

"Zake zinamtosha. Umempa mwenyewe, kwa kijiko, na chumvi juu."

Tukapiga kelele. Yote yalitoka, Chiriku. Redio, bibi yako, viatu uani. Akasema yale yalikuwa ya kale, mambo yalikuwa hivyo kila mahali. Nikamwambia mwaka huu si kale. Akagusa kitambaa cha hoteli, akakisifia. Mimi namjua. Kaka yangu akisifia kitu, anataka kitu.

"Jumamosi tuna kazi kubwa," akasema. "Sina besi."

Sikumsaidia. Nilitaka aitoe mwenyewe.

"Wewe… vidole bado vinafanya kazi?"

Nilicheka mpaka mtu wa hoteli akachungulia kutoka nje. Nikamwuliza, "Nije. Utaniweka wapi?"

"Fundi atakuingiza kwenye mixa. Kama kawaida."

Kama kawaida! Alisema hivyo, mbele yangu, bila hata kope kucheza! Nilichukua rula yangu ndefu ya mbao, ile ya kupimia vitambaa, nikamsindikiza nayo mpaka mlangoni. Sikumpiga. Nilitaka sana.

Mlangoni akageuka. "Nyinyi wawili mnadhani bendi ni besi."

"Sisi hatudhani kitu. Wewe ndiye umesafiri kuja kuomba besi."

Akaenda. Nilikaa juu ya kochi la wateja, jambo ambalo sijawahi kulifanya. Sijamsamehe, na usije ukaniomba. Lakini nimemwambia yote, na kifua kimebaki na nafasi, sijui nitaijaza nini.

Shangazi yako

22 Septemba

Shangazi,

Shikamoo. Mama mdogo anakusalimu, na mama pia, safari hii kwa jina lake mwenyewe. Amekuja kututazama mara kadhaa. Sinia amekwisha kuacha kubeba. Baba anakula mezani.

Bendi yao inaendelea. Sitakudanganya, watu wanacheza. Kapteni amechukua mtu wa kinanda anayepiga besi kwa mkono wa kushoto. Nilidhani wataanguka bila mimi na hawakuanguka. Iliniuma, kisha nikaona sina muda wa kuumia. Mimi na Nyundo tumepata mpiga gitaa, mwalimu wa hesabu, na mwimbaji anayeuza miwani. Tunafanyia mazoezi kwenye banda la Nyundo. Tunagombana kuhusu kila kitu isipokuwa sauti.

Ijumaa mchana tulipiga kwenye mahafali ya chuo cha ufundi, ukumbi ule ule wa fundi mitambo yule yule. Katikati ya onyesho nikamwona baba. Alisimama nyuma kabisa, kando ya mixa, mikono kifuani. Nikasema moyoni, sasa atazima. Nyundo naye alimwona, akaanza kupiga kama anapasua kuni.

Yaliyotokea pale nyuma niliambiwa na fundi mwenyewe tukiwa tunafungasha. Mkuu wa chuo alimfuata, akalalamika besi inagonga meza yao. Fundi hakunitazama mimi, wala mwimbaji. Kwa mazoea alimgeukia Kapteni kumwuliza, "Nishushe?"

Baba akamwambia, "Mimi unanitazamia nini? Muulize mwenye besi."

Basi. Fundi akaja pembeni ya jukwaa akaniuliza kwa ishara, nikashusha kidogo mwenyewe, mkuu wa chuo akaridhika. Nilipoinua macho baba alikuwa ameondoka. Hakunisalimu. Hakusubiri.

Fundi alinisimulia kama habari njema, akisubiri nifurahi. Nilikaa juu ya kasha la nyaya, hasira ikanipanda upya, kubwa kuliko ya siku ile ya mhasibu. Muulize mwenye besi. Kumbe maneno hayo alikuwa nayo. Kumbe yanatoka kwa pumzi moja, hayahitaji amplifaya, hayahitaji safari. Angeyasema mwaka jana ningekuwa bado kwenye bendi yake. Angeyasema ile Jumapili ya redio, bibi angekusikia.

Nitakwenda nyumbani Jumapili, nile nao. Nitamwuliza maneno hayo yalikuwa wapi.

Mwanao,
Chiriku